Maziwa ya Karanga Niliyoyafukuza Mezani

Binti yangu ni muuguzi. Siku hiyo alinipima presha, akaikuta iko juu. Alienda moja kwa moja kabatini, akalitoa kopo la unga mweupe ninaotia kwenye kahawa, akasimama nalo mlangoni penye mwanga akisoma yale maandishi ya nyuma, madogo kama mayai ya chawa.

"Baba, unajua humu mna nini?"

"Maziwa. Miaka yote hii natumia."

"Humu hamna maziwa. Ni sukari na mafuta."

Nikamwambia asinitanie, kopo lina picha ya maziwa yanamiminika. Akasema, "Picha ndiyo iliyokuuzia, baba." Akaondoka nalo.

Mimi niliishia darasa la tatu na silionei haya. Kwa darasa hilohilo nilibeba magunia ya mahindi kwa baiskeli kutoka Katumba mpaka Mpanda mjini, nikanunua mashine ya kusaga, nikaongeza ya pili, nikasomesha watoto, akiwemo huyu anayeninyang'anya kopo. Lakini hilo la kopo liliniuma. Nililileta nyumbani kwa mbwembwe, kumbe nilinunua picha.

Kesho yake alileta pakiti ya maziwa yaliyotolewa mafuta. Nikaonja. Nikamwambia haya ni maji yaliyopita karibu na ng'ombe. Akaleta ya soya, yananuka maharage mabichi.

"Basi kunywa nyeusi," akasema, amechoka na mimi.

"Nyeusi ni ya msibani."

Mama yake ana miaka mitatu tangu tumzike.

Nilichokuwa nakitaka nilikijua, ila sikumwambia. Mke wangu alitoka Mwese, kwao kahawa ilikuwa nyuma ya nyumba. Tulipooana hatukuwa na ng'ombe wala hela ya kununua maziwa. Jioni aliloweka karanga, asubuhi anazifikicha maganda yanatoka, anazitwanga, anazichuja kwa kitambaa cheupe alichokata kwenye shuka kuukuu. Kahawa ikichanganyika na maziwa yale ilikuwa na rangi ya mkono wake ulioshika kikombe. Tulikunywa tumekaa kwenye ngazi ya mbele, yeye upande wa mlango, mimi upande wa barabara, kabla sijaenda kuwasha mashine. Hatukuongea sana. Mimi si mtu wa maneno asubuhi.

Halafu hela ikaja. Mwaka niliponunua mashine ya pili, walinitembelea wafanyabiashara wawili wa mpunga kutoka Mpimbwe, watu wa viatu vya kung'aa. Mke wangu akawaletea kahawa. Mmoja akanywa, akaweka kikombe chini, akasema, "Mama, hii umetia nini? Tamu kweli."

Kabla hajajibu nikadakia mimi. "Achana nayo bwana, hizo karanga ni za enzi za njaa. Mama watoto, kwani hapa hakuna maziwa ya watu?"

Mgeni alikuwa anasifia, jamani. Anasifia! Mimi ndiye niliyeona aibu.

Mke wangu alisema, "Haya, mzee." Basi. Siku ya pili nikaja na kopo, na tangu hapo hakutengeneza tena. Kile kitambaa kikawa cha kufunikia chapati. Kahawa yangu ilikuja kila siku, imetiwa unga wa kopo, kwa wakati, ya moto. Yeye hakuligusa. Alihamia chai ya rangi na akawa anainywea jikoni. Nilijua anangoja niombe. Na mimi nikangoja alete bila kuombwa. Tulingojana hivyo mpaka akaugua.

Sasa nikaanza kuyatengeneza mwenyewe maziwa yale, mzee mzima na kinu. Mara ya kwanza nilizikaanga karanga. Ukatoka uji wa kahawia, mzuri kwa kuunga mchicha, si kwa kahawa. Mara ya pili nikaloweka mbichi, nikatwanga, nikachuja, nikamimina maziwa yake ya baridi kwenye kahawa ya moto. Yakakatika, mabonge yanaelea juu. Nikayamwaga nje, kuku wakafurahi.

Ikabidi nimpigie mdogo wa mke wangu, yuko Mwese bado. Nikajizungusha na habari za mvua, halafu nikauliza.

"Haa! Shemeji tajiri!" akacheka. "Kopo limeisha madukani?"

"Nijibu tu, shemeji."

"Dada alitusimulia, usifikiri hatujui. Maziwa ya watu!" Akacheka weee, nikasubiri. Kisha akasema yapashwe kwanza kwa moto mdogo, nikoroge bila kuacha, kahawa ndiyo imiminwe juu yake taratibu. "Ungemuuliza mwenyewe, shemeji. Angekwambia kwa furaha."

Nikasema mtandao unasumbua.

Jumapili binti yangu alipotoka kanisani nilimwekea kikombe mbele. Maziwa hayakuwa yamekatika, rangi ilikuwa ileile. Akauliza kama nimetia sukari, nikasema hapana. Akanywa. Akageukia dirishani, akanywa tena.

"Ni yenyewe, ya mama yako?" nikauliza. Nawaambia ukweli, sikuogopa hivyo hata siku nawasha mashine ya kwanza.

"Karibu kabisa. Imepungua chumvi tu."

"Chumvi gani?"

"Mama alikuwa anatia chumvi. Kidogo sana, ya vidole viwili. Hukujua, baba?"

Sikujua. Nimekunywa miaka na miaka kwenye ngazi ile, sikuwahi kusogea jikoni kuona mkono wake unafanya nini. Nikaangalia kopo la chumvi pale rafuni. Binti yangu akaniona.

"Usithubutu. Chumvi nimekukataza kabla ya hata hilo kopo lako."

Nimemtii. Karanga naloweka kila jioni, asubuhi natwanga, nachuja, napasha. Kahawa naagiza Mwese, shemeji ananitumia kwa bodaboda pamoja na masimango yake. Nanywea pale kwenye ngazi, upande wangu wa barabara. Ni nzuri, sibishi. Ila kila funda likifika mwisho ulimi unatafuta kile kidogo cha vidole viwili, unakikosa, nami narudia kunywa, labda funda linalofuata.