Kisanduku Kilichofungwa kwa Blada

Mtoto wangu wa pili niliapa hatachanjwa dispensari ya serikali. Nilipompeleka wa kwanza nilikaa pale kwenye benchi asubuhi nzima, jua likinipiga, halafu mama nisiyemjua akaniambia mbele ya watu kwamba nimemfunga mtoto vibaya mgongoni. Mimi maneno ya watu siyataki. Kwa hivyo nikaenda kliniki ya kibinafsi hapa Emali, yenye viti vya sponji. Mamangu alinifuata akinung'unika kwamba sindano ni ile ile.

"Si ile ile," nikamjibu.

Muuguzi akatuambia tungoje kidogo, chanjo iko njiani. Pikipiki ikasimama mlangoni, abiria akashuka na kisanduku cha buluu cha kubebea chanjo, mfuniko umefungwa kwa blada, mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Nilikijua. Kilikuwa kile kile cha dispensari, nilichokikodolea macho asubuhi ile yote ya benchi.

"Chanjo hizi tunaletewa na serikali," muuguzi akasema.

Mamangu alicheka mpaka akapangusa machozi kwa leso. Mtoto akadungwa, akalia peke yake katika chumba kimya.

Siku ya chanjo ya surua ilipofika, nilirudi kwenye benchi la dispensari. Mtoto wa mbele alipodungwa, wote tuliowabeba wakaangua kilio, wangu akiwashinda, na sindano hata hajaiona. Mama aliyekaa kando yangu akanyoosha mikono.

"Huyu umemfunga vibaya. Lete."

Nikampa.