Moja, Tatu, Nne, Mbili

Uhuru ulipokuja, Mzungu mmoja wa Lugari alifunga virago, nami nikanunua gari lake kuukuu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa kuwa nilimiliki spana mbili, nilijiona fundi. Baba mkwe hakuona hivyo.

"Mwalimu, hii gari yako inakohoanga kuliko mzee," alisema, akakataa katakata kulipanda. Iliniuma, sifichi.

Basi siku fahali wake alipokwenda kupigana na fahali mwingine katika uwanja wa Malinya, niliapa kumrudisha mzee nyumbani kwa gari, watu wote wakiona. Niliegesha kando ya uwanja, nikafungua boneti ili nitibu kile kikohozi. Nilichomoa nyaya nne za plagi, nikasugua plagi kwa msasa hadi zikang'aa. Kisha nikarudisha nyaya kama mwalimu yeyote wa hesabu angezirudisha: moja, mbili, tatu, nne.

Uwanjani, ngoma za isukuti zilikuwa zimepamba moto. Fahali wa baba mkwe alikuwa akisukumwa nyuma, kwato zikichimba udongo, na kichwa kimeshaanza kugeuka. Kwetu fahali anayekimbia ndiye aliyeshindwa. Mimi, mkono kwenye hendeli ya kuwashia injini, nikazungusha kwa nguvu zangu zote.

Paa! Moto ulitoka kwenye paipu ya moshi. Yule fahali mpinzani, aliyekuwa ameligeuzia gari kisogo, alijichomoa akatimua mbio hadi kwenye mahindi ya watu, wamiliki wake wakimfuata na fimbo.

Nilijibanza nyuma ya boneti nikingoja kipigo changu. Kulikuwa na makelele, lakini wazee wakakata shauri: fahali anayeogopa gari bovu hawezi kuitwa fahali. Baba mkwe alirudi nyumbani akicheza ngoma. Mimi nilirudi nikisukuma.

Fundi wa mjini alicheka hadi akakaa chini. Kumbe injini ina hesabu yake ya kuwasha plagi: moja, tatu, nne, mbili. Akarekebisha, gari likanguruma polepole, nami nikaliendesha moja kwa moja hadi kwa baba mkwe, kifua mbele.

Mzee alilizunguka akisikiliza. Uso ukamshuka.

"Mwalimu, imepona?"

"Imepona kabisa, Baba," nikasema, nikamweleza kosa la hesabu yangu lililoleta ule mlipuko.

"Na Jumamosi tunapigana tena."

Akafungua mlango, akaketi ndani kwa mara ya kwanza, fimbo yake katikati ya magoti.

"Basi rudisha ile hesabu yako ya shule," akasema, "halafu twende."