Mguu wa Mwisho

Kupanda, fundi wa ghorofa ya juu hutumia lifti kama watu wote. Kushuka nayo, ng'o! Kila jioni akitoka kazini kwenye karakana ya Tyseley, huku ughaibuni, mikono ingali na weusi wa grisi, hujifunga gunia la mchanga mgongoni, akajaribu kila fundo kwa kidole gumba, akashuka ngazi akinong'ona kama anayebembeleza punda. Zilpah, nesi jirani yake, anajua sababu. Mwaka huu, 1974, fundi ataenda Marekani, kwenye milima ya umma, ambako yeyote mwenye kibali huruhusiwa kuwinda, kuwinda elki, mnyama kama kulungu lakini mkubwa kama ng'ombe. Hana kiongozi wala wapagazi. Nyama itashushwa mguu mmoja mmoja, ndiyo maana hushuka mara nne.

Leo, safari ya nne, goti limegoma. Amekaa kwenye ngazi, kilemba kimelowa jasho. Zilpah analishika gunia.

"Lete nikusaidie, Fundi. Utavunjika mgongo kwa nyama ambayo bado inakula majani!"

Fundi anauondoa mkono wa Zilpah taratibu, anainuka.

"Hapana, Sista. Kule Nanyuki nimepiga nyati wengi, na wapagazi ndio waliobeba nyama. Sijawahi kubeba hata paja moja."