Mlango wa Malindi, Pango la Mangapwani

Juzi mjukuu wangu alinipeleka Mangapwani kwa gari lake, akaniteremsha karibu na lile pango. Nilichungulia mara moja tu, nikaanza kucheka peke yangu, hata kijana anayeongoza wageni akanisogezea kiti. Labda alidhani nimepandwa na kitu. Basi nawe keti, nikuhadithie.

Miaka ya hamsini, nami bado mtoto wa skuli, walikuja wageni na makamera yao kupiga sinema ya vituko mjini kwetu. Hatukuelewa walichokuwa wakifanya mpaka ilipokuja kuonyeshwa, Jumapili mchana, saa za wanawake peke yao. Ukumbi mzima mabuibui, harufu ya asumini na njugu za kukaanga. Stelingi alifukuzwa vichochoroni na majambazi, akajitupa ndani ya mlango mmoja wa Malindi, mtaa wa hapo hapo mjini, na kufumba na kufumbua akatokea kwenye pango la Mangapwani, huko shamba, mbali na mji! Vigelegele vikapigwa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Bibi yangu, aliyenilea, alishikilia kwamba chini ya mji kuna njia. "Nimeona kwa macho yangu," alisema. Jirani yetu, shoga yake tangu utoto, akamwambia picha zile zimekatwa na kuungwa kama nguo. "Umeona sinema, shoga. Njia hukuiona." Bibi akanuna. Hawa watu walikuwa wakipelekeana sahani kila jioni. Sasa sahani zikakatika, na salamu pia. Mimi ndiye niliyeumia, maana mikate ya kumimina ya jirani ilikuwa haina mfano.

Bibi akanishika mkono tukaenda kuuhakiki mlango. Tulipopiga hodi Malindi, alifungua bwana mmoja kajifunga kikoi, nyuma yake papa wakavu wamepangwa mpaka darini. Bibi akaziba pua na ncha ya buibui, akamwuliza kwa adabu njia ya Mangapwani iko wapi.

"Magari yanaondokea Darajani, bibi," akajibu yule bwana.

"Basi tutaingilia upande wa pili," bibi akaniambia tukiwa njiani, kwa sauti ya kusikiwa mtaa mzima. Ikasikiwa. Siku tuliyokwenda tulimkuta jirani keshakaa ndani ya gari la shamba, anatazama mbele. "Nnakwenda kushuhudia," akaniambia mimi, si bibi. Njia nzima walisemeshana kupitia kwangu.

"Mwambie bibi yako asogee."

"Mwambie nshasogea."

Pangoni tulishuka na mabuibui yamepandishwa magotini. Giza, baridi, maji yanadondoka. Bibi alitangulia, akafika kwenye ukuta wa jiwe, akavua kiatu, akagonga.

"Hodi!"

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni!" ikaitikia sauti kutoka gizani.

Sijapata tena kuona watu wazima wakipanda namna ile. Bibi kamshika jirani, jirani kanishika mimi shungi, wote wawili wanasoma Ayatul Kursi kwa sauti, mmoja yuko mwanzo, mwenziwe keshafika mwisho. Tulipotokea juani, nyuma yetu akatoka mwanamke wa pale kijijini na ndoo ya maji kichwani, naye anatetemeka.

"Jamani! Mnapiga hodi, naitikia, mnakimbia! Nyinyi watu au mashetani?"

Jirani ndiye aliyeanza kucheka. Bibi alijizuia, midomo ikamcheza, kisha akaketi mchangani vile vile alivyo.

"Umenikanyaga, shoga," akasema. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kumwambia jirani tangu ile Jumapili.

"Nawe ulitaka kuniacha!"

Mwanamke yule alitupeleka kwake, akatupakulia muhogo wa nazi, tukala sahani moja. Lakini bibi hakukubali kushindwa hata siku moja. Alisema njia ipo, ila hatukufika mwisho.

Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, na jumba la sinema limekufa zamani. Ile sinema sijaiona tena. Uso wa stelingi umenitoka kabisa, wala sikumbuki kama mwishowe alipona. Ninachokiona nikifumba macho ni wanawake wawili wamekaa mchangani, shungi zimewaanguka, kila mmoja anajaribu kusema neno na kicheko kinamkatiza.