Siku Niliyoshika Maiki

Huku kwetu Kitengela kuna pikipiki inayopita kila Jumamosi asubuhi na kipaza sauti kimefungwa nyuma: panya, mende, kunguni, viroboto, dawa iko hapa. Kabla ya maneno huanza mluzi, ule mkali wa spika iliyowashwa vibaya, na mluzi huo ukinifikia jikoni nafunga dirisha. Mume wangu hudhani nachukia kelele. Sivyo, jamani. Mluzi ule hunirudisha kidato cha pili, uwanjani pa shule yetu ya wasichana nje kidogo ya mji wa Kajiado, maiki mkononi na vumbi kinywani.

Kila mwaka tulikuwa na Siku ya Utamaduni, sisi tukiiita Kalcha. Asubuhi ni netiboli na shule jirani, mchana ni chakula, alasiri ni nyimbo na ngoma mbele ya wazazi. Kila kabila liliandikisha kundi lake, na kwa wiki mbili mabwenini hakukuwa na usingizi wala kusoma, ni mazoezi tu. Sasa mimi naitwa Kemunto. Baba ni Mkisii, wakati huo karani katika kiwanda kimoja Athi River. Mama ni Mkikuyu wa Murang'a, fundi wa kushona nguo. Nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, basi.

Niliwaendea Wakisii kwanza. Kerubo, kiongozi wao, akanisalimia kwa Kikisii. Nikajibu, "Poa sana." Walicheka mpaka wakashikana mabega, nami nikacheka nao, kile kicheko cha kujikaza. Kwa Wakikuyu hakuna aliyenicheka. Kiongozi wao alilitazama jina langu kwenye karatasi akasema kwa upole, "Lakini si uende kwa kina baba yako?" Upole huo uliniuma zaidi.

Madam Sianto, mwalimu wetu wa michezo, alinikuta nyuma ya vyoo nikijifanya natafuta kiatu, na viatu vyangu vyote viwili nilikuwa nimevivaa. Alinitazama miguuni.

"Kemunto, wewe uko na Kiswahili safi," akasema. "Utashika maiki. Kila kundi liko na dakika kumi. Zikiisha, unawatoa."

Nilijivuna siku mbili nzima. Halafu siku yenyewe ikafika.

Asubuhi nilitangaza netiboli. Kwenye timu mimi nilikuwa mchezaji wa akiba, yaani mbeba maji, kwa hiyo hakuna aliyeona pengo. Tuliwashinda jirani kwa bao moja. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza, na mfungaji wetu akabebwa juu juu akazungushwa uwanja mzima. Mchana kila kundi likaketi kuzunguka chungu chake. Mimi nikapita na sahani. Kila mahali niliambiwa karibu, nikapakuliwa, kisha mazungumzo yakaendelea kwa lugha ambayo siijui. Nilipata mukimo, matoke, ugali wa wimbi, na nyama choma kutoka kwa Wamaasai, ambao hawapimi. Hakukuwa na sahani iliyojaa kama yangu uwanjani pale. Nikaenda kuilia karibu na jenereta, nikisema nachunga mashine.

Nilikuwa na tumaini moja tu: baba na mama walikuwa njiani. Nilijiambia, wakifika tutaketi pamoja pale kando ya spika, na sisi tutakuwa kundi, hata kama la watu watatu. Nilikuwa nimepanga hata viti.

Walipoingia getini nilipunga mkono kama anayezama. Wakanipungia. Lakini hawakufika. Mzee mmoja alimwita baba kwa Kikisii, na baba yangu, mtu wa kusema maneno machache na kukunja gazeti vizuri, akageuka, akajibu kwa sauti kubwa, akapotelea kati ya wanaume wa kwao huku akijipiga mapaja kwa kicheko. Nikatafuta mama. Mama alikuwa ameshanyakuliwa na wamama wa Kikuyu, amefungwa leso kiunoni.

Zamu ya Wakikuyu ilipofika, wamama waliingia uwanjani pamoja na wasichana. Na aliyeanzisha wimbo alikuwa mama. Mama yangu! Yule ambaye aliimba kanisani tu, tena chinichini. Aliita, wenzake wakaitikia. Akainama, akainuka, akatania jambo fulani katikati ya wimbo, wamama wakaangua kicheko, naye akacheka hadi machozi. Kicheko kile sikuwahi kukisikia kwetu, na utani wenyewe sikuuelewa hata neno moja. Wivu ulinishika. Niliona kama ameniacha mchana kweupe, mbele ya shule nzima.

Nikatazama saa. Zilikuwa zimepita dakika sita tu.

Nikainua maiki, spika ikapiga mluzi. "Asante, asante sana. Muda umeisha. Tunakaribisha kundi linalofuata."

Wimbo ukakatika. Mama alibaki mdomo wazi, mkono mmoja hewani. Kisha akaushusha, akanitazama, akapiga makofi pamoja na watu wengine. Madam Sianto aliniuliza kama kweli dakika kumi zimekwisha. Nikasema, ndiyo, Madam.

Basi nikapata nilichotaka. Mama alifungua leso, akaja; baba alipomwona, naye akaja. Tukaketi sisi watatu kwenye viti nilivyopanga.

"Umekula?" baba akauliza.

"Nimekula."

Tukawatazama wengine wakicheza.

Miaka imepita. Mwaka jana mama alikuja kukaa nami wiki moja, na tukiwa tunachambua maharagwe nilimwuliza kwa nini hawakunifundisha hata lugha moja.

"Tulipooana tulikubaliana hakuna mtu atakuwa mgeni ndani ya nyumba," akasema. "Baba yako akaacha yake, na mimi nikaacha yangu. Tulikuwa tunafikiri tumekufanyia vizuri."

Nilishindwa kuendelea na maharagwe. Upweke nilioulilia mimi kwa siku moja, wao walikuwa wameubeba tangu kabla sijazaliwa, bila kulalamika, wakiuita nyumbani. Siku ile ya Kalcha walikuwa wamerudi kwao kwa saa chache, na ni mimi niliyewaita watoke.

"Mama," nikasema, "ile siku ya shule, muda wenu haukuwa umeisha."

Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akaliweka kando.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nimevaa saa."