Variateur ya yaya Mado

Musiniambie nitulize roho. Ile kintu Edouard alifanyia yaya yangu Mado, dada yangu mukubwa, mi siwezi kuisahau.

Yaya Mado alikuwa mujane, na mashini yake ya kusaga mahindi hapa Naviundu njo ilikuwa inalisha batoto yake. Lakini ikiwaka, inavuta courant mingi ya umeme, ampulu za quartier nzima zinafifia. Bantu ya courant bakakuja: "Citoyenne, tafuta variateur ao tunakata kamba ya courant." Variateur iko kasanduku kenye kuwashaka moteur polepole. Yaya akaenda Pweto, akauzisha samaki ya kukauka mwaka muzima, akakanunua. Juu yake baliandika volti 220.

Akaita Edouard, mudogo ya bwana yake marehemu, fundi ya courant, muntu ya kujisifu sana. Moteur aliifunga ya 220, pale hakukosea. Lakini Naviundu tuko na tabia mubaya. Mangaribi, bantu bote bakiwasha réchaud za kupikia, 220 inashukaka mpaka courant inakuwa kivuli tu. Basi bantu banaachaka neutre, ile kamba yenye haina moto, banafunga ampulu ku phases mbili, kamba zenye moto, inangaa. Edouard akataka kufanya vile na variateur.

"Shemeki," yaya akamuuliza, "hapa banaandika 220. Phases mbili si inakuwa 380?"

"Aka! 380 iko mu mabuku. Hapa kwetu haifikake. Utanifundisha kazi?"

Akafunga. Mangaribi ile mashini ikazunguka muzuri, bantu bakapiga makofi, na yeye akakunywa bière yote.

Asubui réchaud zilikuwa zimezimwa, courant ikarudia nzima. Yaya akawasha. Pa! Moshi, na harufu mubaya. Kasanduku kakakufa pale pale. Bantu ya courant nabo bakakata kamba, vile balisema.

Mama eeh! Unajua Edouard alisema nini? Eti yaya alinunua kintu ya bandia! Bila haya! Nilitaka kumupiga.

Yaya akaanza kutwangia bantu mahindi na kinu, mikono ikatoka malengelenge. Siku moja Edouard akatokea na beseni ya mahindi. "Shemeki, Wivine bibi yangu anataka bunga. Unitwangie bule, si tuko ndugu?"

Yaya akamutia muchi mu mikono, mbele ya banamuke bote. Kwetu mwanaume hatwangake.

"Batoto ya kaka yako hawajakula tangu jana. Twanga."

Edouard akaangalia huku na huku. Hakuna muntu alimutetea. Akatwanga mpaka mwisho, jasho inamutoka, na ile bunga yaya akaipikia batoto yake bukari.