Mkwe Anayekwenda Bureau

Volkeno ilipokula nyumba yetu mjini, mimi na mke wangu tulihamia kata ya Katoyi, kwa mama yake. Kwetu, mwanaume kulala chini ya paa la mama mkwe ni aibu. Hutakiwi kumtazama usoni wala kula mbele yake, na nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili tu. Nilitaka kazi, nipange hata kibanda cha mbao, nitoke pale na heshima iliyobaki.

Mji ulikuwa bado mikononi mwa waasi, na mashirika ya misaada yalifungua ofisi kila kona. Wenzangu walitafuta kazi, kila mtu kwa akili yake. Mmoja alipeleka barua kila geti. Mwingine alihamia kanisa la bosi fulani, akajiunga na kwaya kwa sauti yake ile ya mbuzi. Mimi, msomi wa sheria, niliwacheka. Niliamini kazi humfuata anayeonekana anayo tayari.

Basi kila asubuhi nilivaa koti langu la harusi, tai na viatu vyeusi, nikabeba mkoba mtupu, nikatoka kama mtu anayesubiriwa. Kutwa nilizunguka juu ya lava iliyopoa, geti hadi geti, nikisoma matangazo mikono mgongoni. Jioni nilirudi nikilalamika kwamba bureau, yaani ofisi, imenichosha. Nilikuta beseni la maji moto ya kuoshea miguu, nikajua mke wangu ananihurumia.

Nilijitangaza vizuri mno. Majirani wakaanza kuniita Papa Directeur, baba mkurugenzi. Hata salongo, ile kazi ya Jumamosi ya kuondoa mawe barabarani, walinisamehe. "Mumuache, ule iko na kazi." Nami nikavimba kichwa, mjinga mimi.

Kisha shirika moja likaja kwenye avenue yetu kutafuta mtu aliyesoma, asiye na kazi, wa kusimamia usafishaji wa barabara. Shefu wa avenue, kiongozi wetu wa mtaa, alitukusanya mbele ya nyumba yake. Niliponyoosha mkono, watu wakacheka.

"Papa Directeur, acha masikini nao wapate," shefu akasema. "Weye uko na kazi."

Nikaapa kwamba sina. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Mtu mmoja akasema wasomi wana tamaa. Nikakaribia kulia mbele ya watu, na tai shingoni.

Ndipo mama mkwe akasimama kati ya akina mama, macho chini, kitenge kimefunika nusu ya uso.

"Mukwe wangu hana kazi," akasema. "Hajapata hata siku moja."

"Unajuaje, mama?" shefu akauliza.

"Muangalie viatu yake. Mawe imekula yote chini. Mutu wa bureau anakaaka kwa kiti. Huyu anatembeaka kutwa nzima, anatafuta kazi sababu ya mutoto wangu."

Wote wakatazama. Kidole gumba cha mguu wangu kilikuwa nje ya kiatu. Mtu wa shirika akaniandika, bila kuuliza diploma.

Usiku ule nilimshukuru mke wangu kwa yale maji ya jioni. Akashangaa. "Maji gani? Ile ni mama alikuwa anaiweka."

Siku ya kuhama nilisimama uani, mama mkwe akipika karibu, nikageukia mlango. "Asante kwa maji," nikauambia mlango.

Mama mkwe naye akaiangalia sufuria yake. "Ununue viatu, papa," akaiambia.